Viti 13 Vilivyobaki Wazi: Marafiki wa Shule na Kambi za Wajapani Marekani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi jimbo la Washington, Marekani. Binti yangu wa darasa la saba alipelekwa na shule yake kisiwa cha Bainbridge kuona ukuta wa kumbukumbu ya Wajapani waliohamishwa makwao na kupelekwa kambini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Aliporudi alikaa kimya mpaka wakati wa chakula, kisha akaniuliza: "Mama, rafiki zao wa shule walifanya nini? Waliendelea kuwa marafiki?" Nikamwambia nitamtafutia jibu, maana mimi habari hii sikufundishwa popote. Naomba unisaidie. Najua swali lake si la Wajapani peke yao.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umsalimie mjukuu wangu huyo. Amegusa mahali ambapo vitabu vingi hupita mbio. Vitabu vinahesabu waliohamishwa, vinataja amri na tarehe yake, vinaonyesha picha ya mnara wa ulinzi. Yule wa dawati la pili, aliyeazimana penseli na mtoto aliyeondoka, hatajwi. Mimi katika kufundisha historia nimemtafuta sana huyo wa dawati la pili, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Nianze pale aliposimama binti yako, gati la Eagledale. Tangazo lilibandikwa kisiwani tarehe 24 Machi 1942: kila mwenye asili ya Japani, mzee kwa mtoto, awe tayari kuondoka baada ya siku sita, na mzigo wake uwe ule anaoweza kuubeba mwenyewe. Lilikuwa la kwanza la aina yake nchi nzima. Siku sita za kuuza gari, kumtafutia mbwa mtu wa kumlisha, kufunga nyumba, na kuliacha shamba la stroberi mikononi mwa vibarua wa Kifilipino waliokuwa wakililima pamoja nao. Jumatatu ya tarehe 30 watu 227 wakatembea juu ya gati lile kwenda kupanda feri, wanajeshi wenye singe kwenye bunduki wakiwa pembeni. Wapo wanajeshi waliowabebea akina mama mizigo, na wapo waliotokwa na machozi. Ilikuwa siku ya masomo, lakini baadhi ya wanafunzi wa sekondari ya kisiwani walitoroka shule wakaja gatini kuwaaga wenzao.

Muda mfupi kabla ya siku hiyo, timu ya besiboli ya shule ilikuwa na mechi. Wachezaji sita walikuwa vijana wa Kijapani waliokuwa wakisubiri kuondolewa. Kocha wao, Walter Miller, ambaye wanafunzi walimwita "Pop", akawapanga wote sita, na hakumtoa hata mmoja mpaka mechi ikaisha. Timu ilifungwa vibaya. Habari hii naipenda sana, kwa sababu kocha hakuwa na uwezo wa kuzuia amri ya Rais. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kupanga timu, akautumia.

Kisha zikaja sherehe za mahafali, wahitimu wakaketi, na viti 13 vikaachwa wazi jukwaani. Wenye viti vile walikuwa tayari katika kambi ya Manzanar, jangwani California, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale. Mwambie binti yako kwamba hilo ni jibu la kwanza la swali lake. Wapo wenzao waliokataa kusogeza viti ili pengo lisionekane.

Hapo atakuuliza kwa nini waliondolewa, basi nirudi nyuma kidogo. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii. Usiku huohuo wapelelezi wa serikali walianza kuwakamata wazee wa jamii ya Kijapani: mapadri wa Kibudha, walimu wa lugha, viongozi wa vyama. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akatia saini Amri namba 9066, iliyompa Waziri wa Vita na makamanda wake mamlaka ya kumwondoa mtu yeyote katika maeneo watakayoyatangaza. Amri yenyewe haikulitaja jina la Wajapani, lakini pwani ya magharibi hakuna aliyehamishwa kwa umma isipokuwa wao. Walifika watu wapatao 120,000, na theluthi mbili yao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Wazazi waliotoka Japani sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kuomba uraia hata wangekaa miaka 40. Wajerumani na Waitaliano hawakuhamishwa kwa namna hiyo, ingawa baadhi yao walikamatwa mmoja mmoja. Kule Hawaii, ambako bomu lenyewe lilianguka, Wajapani walikuwa zaidi ya 150,000 na walio wengi mno waliachwa majumbani kwao, kwani bila wao kazi za visiwa zingesimama. Na katika vita yote hakupatikana hata Mmarekani mmoja wa asili ya Japani aliyetiwa hatiani kwa ujasusi au hujuma.

Kwa hiyo tukisema "watoto wa Kijapani" tunasema watoto ambao wengi wao Japani hawakuwahi kuiona. Walikula soseji, walicheza besiboli, waliimba kwaya. Asubuhi walisimama na wenzao mkono kifuani wakila kiapo cha utii kwa bendera. Aprili 1942 mpiga picha Dorothea Lange, aliyeajiriwa na serikali yenyewe, alikwenda shule ya Raphael Weill huko San Francisco akawapiga picha watoto wakiwa katika kiapo hicho: wa Kijapani na wasio Wajapani bega kwa bega, midomo wazi, macho mbele. Baada ya majuma machache nusu ya safu ile haikuwepo. Jeshi lilizizuia picha zake nyingi za uhamisho zisichapishwe wakati wa vita. Mtafutie binti yako picha hiyo, ipo kwenye mtandao. Inaeleza kuliko maneno yangu.

Sasa, urafiki wenyewe. Ukisoma barua na masimulizi ya waliokuwa watoto wakati ule utategemea kukuta chuki tu. Chuki ilikuwepo. Matusi yalikuwepo, mawe yalikuwepo. Watoto wa Kichina na wa Kikorea walivaa beji za kusema wao si Wajapani, ili wasipigwe njiani, na jambo hilo peke yake liliweka ukuta kati ya watoto waliokuwa wakicheza uwanja mmoja. Lakini kilichovunja urafiki mwingi zaidi, kwa jinsi ninavyoona mimi, kilikuwa kitu kidogo na baridi kuliko chuki. Watoto hawakuwa na anwani.

Fikiria. Wavuvi wa Terminal Island, karibu na Los Angeles, walipewa saa 48 tu kuhama. Familia nyingine zilipewa siku chache, na hazikuambiwa zinapelekwa wapi. Zilipelekwa kwanza kwenye vituo vya muda, vingine vikiwa viwanja vya mbio za farasi, Santa Anita na Tanforan, familia zikalala kwenye mabanda ambayo farasi walikuwa wametolewa juzi. Miezi michache baadaye zikapandishwa treni tena kwenda kambi 10 za kudumu, nyingi zikiwa jangwani au mabwawani: Arizona, Utah, Wyoming, Idaho, Colorado, Arkansas, na California penyewe. Mtoto aliyebaki nyumbani alijua tu kwamba rafiki yake hayupo. Angemwandikia wapi? Aliyeondoka naye aliona aibu kuanza. Angesema nini? Kwamba analala kwenye banda la farasi? Na mwalimu darasani mara nyingi aliendelea na hesabu kana kwamba hakuna aliyepungua. Watoto wakasoma kimya cha watu wazima wakadhani ndiyo adabu.

Nyumba nazo zilipata wakazi wengine. Mtaa wa Wajapani mjini Los Angeles ulijaa familia za Weusi zilizotoka majimbo ya kusini kutafuta kazi za viwanda vya vita, hata ukaitwa Bronzeville. Madawati yakapata watoto wapya, na hao hawakuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana urafiki uliopona, ukiuchunguza, karibu kila mara utamkuta mtu aliyeweka anwani katikati. San Diego alikuwepo mkutubi wa watoto aliyeitwa Clara Breed. Watoto wa Kijapani alikuwa akiwajua kwa vitabu walivyoazima. Aprili 1942, siku ya kuondoka, alikwenda stesheni ya treni na rundo la postikadi. Kila moja alikuwa ameshaibandika stempu, na ameshaiandika anwani yake mwenyewe. Akawagawia. Mtoto hakuwa na haja ya kutafuta senti wala kufikiri amwandikie nani, kilichobaki kilikuwa kuandika tu. Nao waliandika, kutoka Santa Anita na baadaye kutoka kambi ya Poston, Arizona: vumbi, joto, foleni ya chakula, kitabu gani atumiwe. Walimtumia pesa kidogo awanunulie kitambaa au uzi, naye aliwatumia hivyo na vitabu juu yake. Barua zipatazo 250 alizitunza miaka 50, na leo zipo katika jumba la makumbusho la Wamarekani wa asili ya Japani mjini Los Angeles. Mwenyewe pia aliandika katika majarida ya wakutubi kupinga kilichofanyika, vita ikiwa bado inaendelea.

Bainbridge nako kazi hiyo ilifanywa na gazeti. Walt na Milly Woodward, mke na mume, walihariri Bainbridge Review, na walipinga uhamisho waziwazi. Kisha wakafanya jambo ambalo sijaona mfano wake mwingi: wakawaajiri vijana waliokuwa kambini wawe waandishi wao. Kila juma kisiwa kilisoma nani amejifungua Manzanar, nani anaumwa, nani kaoa, timu ipi imeshinda. Woodward alitaka watu hao watakaporudi wasiwe wageni. Zaidi ya nusu walirudi, na hiyo si kawaida ukilinganisha na miji mingine ya pwani ile.

Na yupo mmoja aliyekataa kabisa kuachana na rafiki zake. Ralph Lazo alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Belmont, Los Angeles, miaka 17, upande mmoja damu ya Meksiko na upande mwingine ya Ayalandi. Rafiki zake walipoitwa, akaenda nao. Nyumbani alisema anakwenda kambini na wenzake, na baba yake, mpaka rangi wa majumba, akadhani ni kambi ya likizo. Alipoujua ukweli hakumrudisha. Maofisa hawakumuuliza kijana asili yake, maana nani angejipeleka mwenyewe nyuma ya seng'enge? Akaishi Manzanar, kwenye nyumba za mbao na karatasi za lami, pamoja na watu zaidi ya 10,000. Alisoma pale, wanafunzi wenzake wakamchagua kuwa rais wa darasa lao, akamaliza sekondari palepale mwaka 1944. Mwaka huohuo jeshi likamwita, akapigana Pasifiki akapata nishani. Baada ya vita akawa mwalimu, na madai ya fidia ya Wajapani yalipoanza alitoa fedha zake na nguvu zake. Alifariki mwaka 1992. Binti yako akikuuliza kama inawezekana mtoto kufanya kitu, mtajie Ralph. Ila umwambie pia kwamba hakuna aliyepaswa kudaiwa kiasi hicho.

Kambini urafiki ulichukua sura nyingine ambayo watu huisahau. Shule zilifunguliwa madawati yakiwa bado hayajafika, watoto wakakaa chini, vumbi likipenya kwenye nyufa za sakafu. Chakula kililiwa bwaloni, umma mzima kwa foleni. Kidogo kidogo vijana wakaacha kukaa na wazazi wao, wakawa wanakula na rika zao, wakihama bwalo hadi bwalo kutafuta penye chakula afadhali. Meza ya familia ikafa. Wazee wengi walioshuhudia husema hilo liliwauma kuliko seng'enge. Mtoto akawa na marafiki wengi kuliko alivyowahi kuwa nao, wote wa asili moja, na wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawakuwa na mwenzao mweupe wala Mchina wa kucheza naye.

Halafu urafiki huo nao ukakatwa. Mwaka 1943 serikali ilileta fomu ya kupima utii. Waliojibu "hapana" kwenye maswali mawili, kwa hasira au kwa kutoelewa au kwa kutotaka kuwaacha wazazi wao, walipelekwa kambi ya Tule Lake, na familia zao nyuma yao. Wengine waliruhusiwa kutoka kwenda kufanya kazi mbali na pwani: Chicago, ambako kabla ya vita Wajapani hawakufika 400, wakawa kama 20,000. Mtoto aliyeanza shule San Jose akahamia kituo cha muda, kisha kambi, kisha Chicago, alikuwa ameshaaga darasa zima mara tatu kabla ya kufika miaka 12. Wapo waliosema utu uzimani kwamba hawakujifunza tena kuzoeana na mtu upesi.

Kambi ya Heart Mountain, Wyoming, ndiko ilikotokea hadithi ambayo huenda binti yako atataka kuisikia mara mbili. Norman Mineta alitoka San Jose akiwa na miaka 10, amevaa sare yake ya skauti, amebeba gongo la besiboli. Wanajeshi wakamnyang'anya gongo: laweza kuwa silaha. Kambi ilikuwa na watu wengi hivi kwamba ulikuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo. Walikuwepo skauti kambini, na viongozi wao wakawaalika skauti wa miji ya jirani waje wakutane nao. Wengi walikataa, wakiwaona wale kama mateka wa vita. Kiongozi wa skauti wa mji wa Cody, Glenn Livingston, akawaleta vijana wake. Mmojawapo aliitwa Alan Simpson. Simpson na Mineta wakapangwa hema moja. Mvua ilipotishia wakachimba mtaro kuzunguka hema lao, wakauelekeza makusudi kwa hema la kijana mmoja mkorofi lililokuwa bondeni. Maji yakafanya kazi yake. Simpson alisimulia kisa hicho akicheka mpaka uzeeni.

Kisha wakapotezana. Karibu miaka 30 hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Mwaka 1971 Simpson akasoma gazetini kwamba Mineta amechaguliwa meya wa San Jose, akamwandikia. Baadaye wote wawili wakaingia Bunge la Marekani, Mineta wa chama cha Democratic, Simpson Seneta wa Republican, na walipokuwa humo ikapita sheria ya mwaka 1988 iliyotiwa saini na Rais Reagan tarehe 10 Agosti: serikali iombe radhi, na kila aliyenusurika alipwe dola 20,000. Mineta aliipigania kwa sauti yake yote, Simpson akaiunga mkono. Mineta alifariki 2022, Simpson 2025. Hapo Heart Mountain leo kuna taasisi yenye majina yao yote mawili.

Niseme na hili, kwa kuwa linatugusa sisi. Mei 1942 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa kinatoa nishani kwa mwanafunzi aliyefaulu kuliko wote. Alikuwa Harvey Itano, na hakuwepo ukumbini, alikuwa kituo cha muda Sacramento. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba hayupo kwa sababu nchi imemwita mahali pengine. Baadaye Itano alitolewa kambini kwenda kusoma udaktari, kwa msaada wa baraza la kuwatafutia wanafunzi vyuo vya mbali na pwani, lililosaidia vijana wapatao 4,000. Mwaka 1949 alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne, pamoja na Linus Pauling, walioonyesha kwamba selimundu inatokana na himoglobini iliyo tofauti. Mtoto anayepimwa selimundu leo Mwanza au Kisumu, damu yake ikitenganishwa kwa umeme, anapimwa kwa njia iliyotokana na kazi ile.

Waliorudi pwani mwaka 1945 walipewa dola 25 na tiketi ya treni. Shule nyingine ziliwapokea vizuri. Hood River, Oregon, askari wastaafu walifuta majina 16 ya vijana wa Kijapani waliokuwa jeshini kwenye ubao wa heshima wa mji, na wakayarudisha baada ya watu nchi nzima kupiga kelele. Serikali yenyewe iliwashauri Wajapani wasikae makundi makundi. Wengi walinyamaza. Watoto wao walizaliwa, wakakua, na kuna waliosikia neno kambi kutoka kwa mama zao kwa mara ya kwanza mwaka 1981, tume ya serikali ilipozunguka mijini na mashahidi zaidi ya 750 wakazungumza. Vyeti vya sekondari na shahada ambazo hawakuzipokea, vingi vilitolewa miaka ya 2000, mikononi mwa wazee wa zaidi ya miaka 80.

Nimeielewa sentensi yako ya mwisho, mwanangu. Binti yako hakuuliza habari za mwaka 1942 tu. Anajiuliza, yeye mtoto wa wageni, siku moja dawati lake likiwa wazi nani atamtafuta. Usimwambie kwamba jambo kama hilo haliwezi kutokea, maana ameshauona ukuta. Mwambie ukweli nusu kwa nusu: wengi hawakutafutwa, na waliotafutwa alikuwepo mtu mmoja aliyejua pa kuandika. Halafu umuulize rafiki yake wa karibu anaishi mtaa gani, nyumba namba ngapi, na mama yake anaitwa nani. Namba ya simu peke yake haitoshi, simu hubadilishwa. Kama hajui, kesho akifika shuleni aulize, aiandike kwenye daftari, na yeye ampe ya kwenu.